Turbo au Pumzi ya Kawaida: Injini Ipi Yaifaa Nyumba ya Kinama?

Askari akikaribia kustaafu, swali moja humrudia kila alalapo: kiinua mgongo kikishapokelewa, kifanyiwe nini hata kizae? Katika mtaa wa Kinama, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, jibu la wengi ni gari. Gari lililokwisha tumika Ujapani hununuliwa, huteremshwa bandarini Dar es Salaam, nalo huja kuchukua abiria na mizigo. Lakini kabla fedha hazijatoka mkononi, yafaa nyumba nzima ikae na kuamua jambo ambalo mara nyingi huachiwa dalali: je, injini iwe yenye turbo, au ile ivutayo hewa kwa pumzi zake yenyewe?

Na achukuliwe kwa mfano baba mmoja wa mtaa huo. Yeye apenda turbo, kwani amesikia kuwa gari la namna hiyo hupanda mlima kana kwamba lateremka. Mkewe asikiliza hadi mwisho, kisha auliza: “Baba watoto, likiharibika, karo itatoka wapi?” Hoja zote mbili ni za haki, na kila moja yastahili kujibiwa.

Hewa ndiyo asili ya nguvu

Injini ya silinda nne, iwe ya petroli au ya dizeli, haili mafuta peke yake. Pistoni ishukapo huvuta hewa, na mafuta huweza kuungua vizuri kwa kadiri ya hewa iliyomo. Injini ya kawaida hupata kile tu ambacho pistoni zimeweza kuvuta. Hewa ikiwa nyepesi, nguvu nayo hupungua, hata dereva akikanyaga hadi chini.

Turbo ni magurudumu mawili madogo yaliyofungwa katika mhimili mmoja. Moshi utokao kuelekea ekzosi hulizungusha la kwanza. La pili huishindilia hewa safi ndani ya silinda. Mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Hivyo moshi ambao ungalipotea bure hurudishwa kazini.

Aliyepata hataza ya wazo hilo mwaka 1905 ni Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss aliipeleka injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak huko Marekani, penye kimo cha mita zipitazo 4,000. Bila turbo, injini ile iliyokuwa na nguvu za farasi 350 karibu na usawa wa bahari ilishuka hadi 230. Ilipofungwa turbo, ilifikia 356. Tangu hapo ilidhihirika kwamba kazi ya turbo huonekana zaidi milimani.

Mlima wa Bugarama

Habari hiyo yahusu Kinama kwa njia gani? Bujumbura iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha mita zipatazo 800. Barabara kuu iendayo Bugarama hupanda kwa kilomita zisizozidi 40 hivi na kupita kimo cha mita 2,000. Hapo njia hugawanyika: moja huelekea Kayanza, nyingine Muramvya na Gitega. Wapitao huko wamezoea kuona waendesha baiskeli wakining’inia nyuma ya malori ili wavutwe hadi juu. Malori yenyewe huenda polepole, yakitoa moshi mweusi.

Moshi ule mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa. Kwa kipimo cha mafundi, injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda. Toyota Probox, gari maarufu sana Burundi, ina injini ya petroli ya silinda nne ya sentimita za ujazo 1,496, yenye nguvu za farasi zipatazo 109. Kwa hesabu hiyo, mjini Bujumbura hubaki na kama 100, na kule juu Bugarama kama 85. Likiwa limejaa abiria na magunia, dereva hana budi kurudisha gia mara kwa mara.

Kwa upande wa dizeli, kampuni ya Toyota ilitengeneza injini mbili za silinda nne zenye ukubwa wa karibu lita 3. Ile iitwayo 5L haina turbo, na nguvu zake hazifiki farasi 100. Ile iitwayo 1KZ-TE ina turbo, nayo hufikia kama 125 hadi 130. Ukubwa ni ule ule, lakini tofauti yazidi robo, na mlimani huzidi kuongezeka.

Gharama isiyoonekana sokoni

Hapa ndipo swali la mama linapopata nguvu. Mhimili wa turbo huelea juu ya oili ya injini. Oili ikichakaa, ikipungua, au ikiwa ya bandia, mhimili hukwaruzika na turbo hufa. Kwa hiyo mwenye turbo hubadilisha oili na chujio kwa tarehe, si kwa kubahatisha. Baada ya kupanda mlima, huiacha injini ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili turbo ipoe. Hukagua maji ya rediyeta kila asubuhi, kwa maana injini yenye turbo hutoa joto jingi, na ikichemka yaweza kupasua silinda hedi. Aliyezoea kusafisha silaha yake kabla ya kulala hataona kazi hiyo kuwa ngumu. Bali je, dereva aliyeajiriwa ataifanya?

Dalili za ugonjwa nazo zijulikane nyumbani: moshi wa buluu, mlio kama filimbi iliyopasuka, oili kupungua bila kuvuja chini. Anunuaye gari lililotumika aende na fundi wake, wala asimtegemee fundi wa muuzaji.

Tena turbo haizalishi nguvu bila mafuta. Hewa ikiongezwa, mafuta nayo huongezwa. Dereva mwenye haraka atayamaliza upesi, na uhaba uliowasumbua Warundi kati ya 2022 na 2024 ulifundisha thamani ya kila lita. Mafuta ya madumu yaliyochanganywa huiumiza injini yoyote, lakini yenye turbo huumia mapema zaidi.

Wako vijana wanaotaka kununua gari la kawaida, kisha kuipachika turbo gereji. Hilo lisifanywe na mtu mwenye kipato cha nyumba moja. Injini kama ya Probox hushindilia hewa kwa zaidi ya mara 10 tayari. Ikiongezewa ya turbo, petroli hulipuka kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni. Kuifanya vyema kwataka pistoni nyingine, nozeli nyingine, gasketi nyingine na kompyuta ya injini kurekebishwa. Gharama hiyo yaweza kuipita thamani ya gari.

Uamuzi

Gari litakalozunguka mjini, au kwenda Gatumba na Rumonge kandokando ya ziwa, halihitaji turbo. Injini ya kawaida yatosha, vipuri vyake ni rahisi, na kila fundi aijua. Gari litakalopanda Bugarama kila siku na mzigo, na liwe la dizeli lenye turbo iliyofungwa kiwandani, ila kwa sharti moja: sehemu ya mapato iwekwe kando kila juma kwa ajili ya oili na matengenezo, na ishikwe na mama wa nyumba.

Jambo moja lisisahauliwe na pande zote mbili. Turbo husaidia kupanda tu. Wakati wa kurudi Bujumbura, kinachowalinda abiria ni breki nzima, gia ndogo na akili ya dereva. Baba atakayenunua nguvu za kupanda na kubania fedha ya breki hatakuwa amejibu swali la mkewe.