Fasihi ya Kanada yasomwa hadi Ulaya, na ndani yake vimo vitabu vya mtoto wa Kongo

Kwenye chuo kikuu cha Trier, inchini Ujerumani, na kwenye kile cha Innsbruck, inchini Austria, kuna vituo ambavyo kazi yao ni inchi moja tu: Kanada. Uko Edinburgh, kule Scotland, kituo cha namna hiyo kilianzishwa tangu miaka ya 1970. Wanafunzi wanasoma riwaya, mashairi, historia na siasa ya inchi ambayo wengi wao hawajaikanyaga.

Mtu anaweza kujiuliza: Mjerumani anatafuta nini katika vitabu vya Kanada? Jibu moja ni kwamba serikali ya Kanada yenyewe ilitaka hivyo, na ililipa.

Yote yalianza na aibu ya nyumbani. Kunako mwaka 1975, ripoti iliyoongozwa na msomi T.H.B. Symons ilionyesha kwamba hata vyuo vikuu vya Kanada vilikuwa vinafundisha mambo ya Uingereza, Ufaransa na Marekani kuliko ya kwao. Kwetu hapa hilo halishangazi. Ni wangapi wanaomaliza masomo ya sekondari wakimjua Molière kuliko Mudimbe, aliyezaliwa Likasi?

Basi Kanada ikafanya kazi mbili kwa pamoja: kujifundisha yenyewe na kujijulisha kwa wengine. Pesa zilitoka kwa ajili ya buruse, vitabu na safari za walimu. Mashirika ya walimu wanaofundisha mambo ya Kanada yakazaliwa: Uingereza mwaka 1975, Ufaransa 1976, na la inchi zinazosema Kijerumani 1980. Kisha, kunako mwezi wa tano 2012, serikali ya Stephen Harper ikafuta programu hiyo, iliyokuwa inakula karibu dola milioni 5 za Kanada kwa mwaka. Ni pesa kidogo sana kwa inchi tajiri, lakini kwa mwalimu wa mbali ilikuwa ndiyo tiketi ya ndege na sanduku la vitabu. Québec yenyewe ilikuwa na njia yake ya pembeni, kupitia shirika la kimataifa lililoundwa mwaka 1997 kwa ajili ya masomo ya Québec. Hata hivyo, masomo hayakufa. Mwaka mmoja baadaye, Alice Munro akapewa tuzo ya Nobel.

Na sasa tufike kwenye jambo linalotugusa. Nani ni mwandishi wa Kanada? Zamani mwanafunzi alifunguliwa kitabu cha Margaret Atwood, Survival, cha mwaka 1972, kilichosema kwamba kiini cha fasihi ile ni mtu kupigania kubaki hai. Leo orodha ya masomo imebadilika sura. Michael Ondaatje alizaliwa Sri Lanka. Dany Laferrière alizaliwa Haiti. M.G. Vassanji alizaliwa Nairobi na akakulia Dar es Salaam. Mwaka 1994 ndiye aliyechukua tuzo ya Giller ilipotolewa kwa mara ya kwanza, na vitabu vyake vina maneno ya Kiswahili ndani.

Yumo pia Blaise Ndala, mtoto wa Kongo anayeishi Kanada tangu 2007. Riwaya yake ya 2014 inarudi Kinshasa ya mwaka 1974, wakati wa pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Ya 2017, Sans capote ni kalachnikov, inachoma moja kwa moja: vita vya upande wetu, pamoja na wageni wanaokuja na kamera na kupata sifa kwa machozi ya wengine. Ya 2021 inazungumzia maonyesho ya Brussels ya mwaka 1958, ambako Wakongo waliwekwa ndani ya kijiji cha bandia ili Wazungu wawatazame.

Kwa hiyo inawezekana kijana wa Ulaya akakutana na mateso ya Kivu katika somo linaloitwa Kanada. Wengine watasema tumeibiwa mwandishi. Mimi sioni hivyo. Tangu 1957 Kanada ina baraza la taifa la sanaa linalosaidia waandishi na matbaa zao. Sisi tuliwapa nini? Anayelisha mti ndiye anayehesabu matunda.

Lakini Kanada nayo ina deni, na walimu wa nje hawalifichi. Watoto wa wenyeji wa kwanza, zaidi ya 150 000, walitiwa katika shule za bweni na kukatazwa lugha zao. Serikali iliomba radhi mwaka 2008. Zamani kabla ya hapo, mwaka 1976, mwanamke Muinnu kwa jina An Antane Kapesh alitoa kitabu kwa lugha mbili pamoja, Kiinnu na Kifaransa, akiwashitaki Wazungu waliochukua inchi yake. Kilipotea madukani kwa miaka mingi. Kilichapishwa tena mwaka 2019 na Mémoire d'encrier, matbaa ya Montréal iliyoanzishwa na Mhaiti, ndiyo ile ile inayotoa vitabu vya Ndala.