Mchimbaji wa miaka 40 anataka iniversite: minervali itatoka wapi?

Sisi wa sendika tunaulizwa swali hili karibu kila mwezi, kutoka Rubaya mpaka Ndjingala. Mtu alipata diploma yake ya Leta zamani, akaingia kwenye kare kutafuta minervali ya mwaka wa kwanza tu, na miaka 20 ikapita akiwa ndani ya shimo. Sasa anataka kusoma. Wenzake wanamcheka: "Papa, wewe uko na watoto sita, acha wao wasome!" Mama mmoja anayeosha koltani aliwajibu mbele yetu: "Ni minervali ya watoto njo inanisukuma nisome. Kwa kuosha mchanga sitaimaliza."

Tuseme wazi. Kenya iko na HELB tangu 1995, inakopesha wanafunzi nao wanarudisha pole pole wakipata kazi. Tanzania iko na Bodi ya Mikopo. Kwetu minervali inatoka mfukoni mwa familia. Masomo ya bure yaliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi. Excellentia, bursi ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi, inatafuta vijana wanaotoka kupasua EXETAT kwa asilimia za juu. Mtu mzima wa kare haimo ndani ya hesabu hiyo.

Kuko bursi za makanisa na za mashirika, lakini hapo dosie inakwama kwa karatasi moja: ushahidi wa mapato. Wanaomba karatasi ya mshahara. Mchimbaji haina. Analipwa kwa kilo, na maji yakiingia shimoni halipwi kitu. Wengi wanaandika "sina kazi", na hilo linaharibu dosie, kwa sababu msomaji anajiuliza huyu anakula nini. Andika kazi yako vile iko. Chukua daftari, kwa miezi 3 uandike kilo ulizouza, bei, kiisha makato yote: fungu la PDG wa shimo, deni la chakula, pesa ya wabebaji. Kooperative yako ipige muhuri. Ongeza kopi ya karte ya mchimbaji na atestasiyo ya umaskini ya Affaires sociales. Dosie ya namna hiyo inaonyesha umaskini wako kwa tarakimu, na mtu wa ofisi anaweza kuifuata.

Na wale waliopoteza diploma? Rubaya ilianguka mwisho wa Aprili 2024, Walikale-centre Machi 2025, na watu walikimbia na watoto mgongoni. Nani angekumbuka karatasi? Anzia kwenye atestasiyo ya kupotelewa. Kiisha tafuta mwaka wako, shule yako na seksiyo yako ndani ya palmarès ya EXETAT, jina lako limo. Asiye na diploma kabisa anaweza kuandikishwa EXETAT kama otodidakti. Na kama ni ufundi unaotaka, umeme ao kuunga vyuma, uliza INPP. Ilianzishwa 1964 kwa kazi hiyo, na haikuwekwa kwa ajili ya vijana peke yao.

Jambo moja tunalisema kwa sauti: mtu akikuomba dola 20 "ya kufungua bursi" kwa WhatsApp, ni mwizi.

Sasa tuje kwa pesa ambazo ziko karibu na sisi na hatuziombi. Kodi ya mine ya 2018 inasema kampuni yenye kibali inatoa 0.3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Kwa kila milioni moja ya dola, ni dola 3,000. Bisie peke yake, kule Walikale, ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, kwa hiyo kila mtu apige hesabu yake. Kuko pia 15 % ya rudevansi inayoenda kwa sekta ao usultani, lakini hiyo sheria inaielekeza kwa barabara, madaraja na majengo. Usipoteze barua yako huko. Ile 0.3 % njo yetu. Mara nyingi orodha ya miradi inajaa majengo: darasa, kituo cha afya, tena darasa. Mwalimu wa kuingia ndani ya darasa hilo na muuguzi wa kituo hicho atasomeshwa na nani? Sendika inaomba miradi mipya ihesabu pia minervali ya watu wazima wa kare, wanaume na wanawake, bila kipimo cha umri.

Tukingoja, AVEC na likelemba zinasaidia kweli. Ombeni kikundi chenu kigawe pesa karibu na kufunguliwa kwa masomo. Wakigawa Krismasi, pesa inaisha kwa nguo na mchele. Mulize pia shule kama inapokea minervali kwa vipande. Nyingi za Goma zinakubali.

Barua ya kuomba iende kwa komite inayosimamia hiyo 0.3 %, ambamo jamii iko na wajumbe wake. Ukurasa mmoja unatosha: unataka kusoma nini, wapi, minervali ni ngapi, wewe mwenyewe utatoa ngapi. Fanya kopi mbili. Moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani.