Njia ya Nyongo

Anayechinja mbuzi, akifika kwenye ini, hupunguza mwendo. Hukishika kifuko cha kijani kwa vidole viwili na kukibandua taratibu, maana kikipasuka ini lote huwa chungu. Kwa hiyo hapa Chamwino, penye mifugo mingi, nyongo tunaijua kwa macho. Tusiyoiona ni mirija yake, mingine myembamba kuliko unywele, iliyotanda ndani ya ini ikikusanya nyongo kama vijito vinavyoingia korongoni mvua ikinyesha, na kuipeleka hadi utumboni.

Mirija hiyo hujengwa tumboni mwa mama. Karibu na wiki ya 8, ini la mtoto limejaa seli changa zinazoweza kuwa seli za kawaida za ini au ukuta wa mrija. Zote zina jeni zilezile. Kinachozitofautisha ni ujirani. Zilizo kando ya mshipa uletao damu kutoka utumboni hupokea ishara za kikemikali, na ishara hizo huamsha protini za SOX9, HNF6 na HNF1-beta, zinazowasha jeni fulani na kuzima nyingine. Seli hizo hujipanga kuuzunguka mshipa kama uzio wa boma.

Kinachofuata, kama kilivyoonekana kwa panya, hunistaajabisha kila nikikisoma. Kando ya uzio huo tundu hufunguka likiwa na kuta za aina mbili: upande wa mshipa seli zina SOX9, upande wa pili bado ni changa. Baadaye hizo nazo hubadilika, mrija ukakamilika. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba panya wasio na HNF6 hukosa kifuko cha nyongo, na mirija yao ya ndani huwa vurugu tupu.

Kwa binadamu, jeni ya JAG1, inayotengeneza mojawapo ya ishara za ujirani, ikiwa na hitilafu mtoto huweza kupata ugonjwa wa Alagille: mirija michache mno. Upo pia ugonjwa wa mirija ya nje ya ini kuziba kabisa kwa mtoto mchanga. Kwa kawaida haurithiwi, wala hakuna mama wa kulaumiwa. Upasuaji aliouanzisha Morio Kasai nchini Japani miaka ya 1950, wa kuunganisha utumbo moja kwa moja na ini, hufanikiwa zaidi kabla mtoto hajatimiza siku 60.

Chanjo ya wiki 6 humkuta mtoto ana siku 42. Zimebaki 18 kufikia hizo 60. Siku hiyo nepi ifunguliwe, muuguzi aangalie. Choo cha mtoto anayenyonya huwa na rangi ya bizari. Kilichokosa nyongo hupauka kama udongo mweupe, na mkojo huacha doa la njano iliyokolea. Mtoto wa namna hiyo, au ambaye macho yake bado ni ya manjano baada ya siku 14, asirudishwe nyumbani kuanikwa jua la asubuhi. Apimwe damu siku hiyohiyo, na ini likionekana lina shida apewe rufaa ya haraka.