Haki ya Kuingia, Si Haki ya Bei: Kwa Nini Wastaafu wa Jeshi Marekani Wanalipa Zaidi Kupiga Kambi

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka baridi inapoanza kuingia katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, wastaafu wengi wa jeshi la nchi hiyo hufunga nyumba zao na kushika njia ya kusini. Safari yao si ya hotelini. Husafiri kwa magari-nyumba, yaani magari makubwa, au matela yanayovutwa na gari, yenye vitanda, jiko, choo na bafu ndani yake. Mwisho wa safari hiyo, kwa walio wengi, ni kiwanja cha kupiga kambi kilichomo ndani ya kituo cha jeshi.

Viwanja hivyo vipo karibu kila pembe ya nchi. Kituo cha Jeshi la Anga cha MacDill mjini Tampa, jimbo la Florida, kina kiwanja kiitwacho Raccoon Creek. Kituo cha Nellis karibu na Las Vegas kina kiwanja cha Desert Eagle, na Fort Huachuca katika jimbo la Arizona ina Apache Flats. Mgeni hupewa nafasi ya kuegesha, maji, umeme na mara nyingi bomba la kutolea majitaka, kisha hulipa ada kwa usiku, kwa wiki au kwa mwezi.

Kwa miaka mingi ada hizo zilikuwa nafuu kuliko za viwanja vya watu binafsi, na wapo wastaafu waliopanga maisha yao ya uzeeni kwa kuzitegemea. Hivi sasa wengi wao wanalalamika kuwa unafuu huo unapungua mwaka hadi mwaka. Makala haya yanaeleza namna ada hizo zinavyopangwa, sababu za kupanda kwake, na nafuu ambazo sheria za Marekani bado zinawapa waliolitumikia taifa hilo.

Nani ana haki ya kuingia

Jambo la kwanza la kufahamu ni tofauti kati ya askari wa zamani na mstaafu wa jeshi. Askari wa zamani ni mtu yeyote aliyewahi kulitumikia jeshi na kuondoka kwa heshima, hata kama alitumikia miaka michache tu. Mstaafu ni yule aliyetimiza utumishi wa miaka 20 au zaidi, au aliyestaafishwa kwa sababu za kiafya, na ambaye hulipwa pensheni ya kijeshi. Mstaafu hubaki na kitambulisho kinachomruhusu kuingia katika vituo vya jeshi na kutumia huduma za mapumziko, kutegemea nafasi iliyopo. Askari walio kazini ndio wenye kipaumbele.

Jambo hili linawagusa pia baadhi ya wazaliwa wa Afrika Mashariki. Sheria za Marekani huruhusu mgeni mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu kujiunga na jeshi, na wapo waliofuata njia hiyo.

Wigo wa wenye haki ulipanuliwa kuanzia Januari 1, 2020, kufuatia sheria iliyopitishwa mwaka 2018. Sheria hiyo iliwafungulia milango ya maduka ya jeshi na huduma za mapumziko zinazotozwa ada askari wa zamani waliotunukiwa nishani ya Purple Heart, waliowahi kuwa mateka wa vita, na wote wenye ulemavu uliothibitishwa kuwa umetokana na utumishi, bila kujali kiwango chake. Walezi wanaotambuliwa rasmi wa baadhi ya askari wa zamani waliingizwa pia. Waliokadiriwa kunufaika ni zaidi ya watu milioni nne. Ilikuwa hatua ya haki kwa watu waliomwaga damu yao, lakini sheria hiyo haikuongeza idadi ya nafasi za kuegesha.

Fedha zinatoka wapi

Kiini cha suala hili ni namna viwanja hivyo vinavyogharamiwa. Mtu anaweza kudhani kuwa, kwa vile vimo ndani ya kituo cha jeshi, vinaendeshwa kwa fedha za bajeti ya ulinzi. Sivyo ilivyo.

Huduma za ari, ustawi na burudani za jeshi la Marekani, zinazojulikana kwa kifupi MWR, zimegawanywa katika makundi matatu. Kundi A ni la huduma zinazohesabiwa kuwa za lazima kwa utayari wa askari, kama vile kumbi za mazoezi ya viungo na maktaba. Lengo ni kwamba angalau asilimia 85 ya gharama zake zilipwe kwa fedha zilizoidhinishwa na Bunge. Kundi B ni la huduma za kijamii, kama vile malezi ya watoto, na lengo lake ni angalau asilimia 65. Kundi C ni la huduma zinazotarajiwa kujipatia mapato, kama vile viwanja vya gofu, kumbi za mchezo wa bowling na malazi ya mapumziko. Viwanja vya magari-nyumba huangukia katika kundi hili la mwisho.

Huduma za Kundi C hupata msaada mdogo sana wa bajeti, isipokuwa katika vituo vilivyo mbali na miji. Mishahara ya wahudumu, ukarabati wa vyoo na bafu, na ununuzi wa vifaa hutegemea kile anacholipa mgeni. Ada inaposhindwa kufidia gharama, msimamizi hubaki na njia mbili: kupandisha ada au kuacha kiwanja kichakae.

Gharama zilizopanda

Katika miaka ya karibuni gharama hizo zimepanda kwa pamoja. Mfumuko wa bei nchini Marekani ulifikia asilimia 9.1 mwezi Juni 2022, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 40. Mwaka huohuo Serikali ya Shirikisho iliweka dola 15 kwa saa kuwa kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wake. Wakandarasi wa ujenzi na umeme nao walipandisha bei zao.

Umeme unahitaji maelezo ya pekee. Viwanja vingi vya zamani vilijengwa kwa ajili ya magari yenye mahitaji madogo, yanayotumia njia ya ampea 30 kwa volti 120, sawa na wati 3,600. Magari-nyumba makubwa ya sasa, yenye viyoyozi viwili au vitatu, hutumia njia ya ampea 50 inayotoa hadi wati 12,000. Ni zaidi ya mara tatu. Kubadilisha nyaya, transfoma na visanduku vya umeme katika kiwanja chenye makumi ya nafasi ni kazi ya fedha nyingi, na fedha hizo hatimaye huonekana katika ada ya usiku.

Mahitaji nayo yaliongezeka. Wakati wa janga la UVIKO-19, Wamarekani wengi waliepuka ndege na hoteli, wakageukia magari-nyumba. Mwaka 2021 viwanda vilisafirisha kwa wauzaji zaidi ya magari-nyumba 600,000, idadi ambayo haijawahi kufikiwa kabla. Viwanja vya watu binafsi vilijaa na kupandisha bei, hivyo aliyekosa nafasi jeshini hakuwa na pa kukimbilia kwa bei ya zamani.

Aidha, barabara yenyewe ni gharama. Mwezi Juni 2022 wastani wa bei ya petroli nchini humo ulivuka dola 5 kwa galoni, yaani takriban lita 3.8. Gari-nyumba kubwa huenda maili 6 hadi 10 tu kwa galoni moja. Safari ya maili 1,500 kwa gari linalokwenda maili 8 kwa galoni ilihitaji zaidi ya dola 900 za mafuta, kwenda peke yake.

Pensheni hupandaje

Pensheni ya kijeshi ya Marekani ina kinga ambayo wastaafu wengi duniani hawana: hurekebishwa kila mwaka kulingana na gharama za maisha. Kwa malipo ya Januari 2022 iliongezwa asilimia 5.9, mwaka 2023 asilimia 8.7, mwaka 2024 asilimia 3.2, na mwaka 2025 asilimia 2.5. Swali linalofuata ni la haki: kama pensheni inapanda, malalamiko yanatoka wapi?

Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, nyongeza huja kwa kuchelewa. Hukokotolewa kwa kulinganisha bei za miezi ya Julai hadi Septemba na za kipindi kama hicho cha nyuma, kisha hulipwa Januari. Bei zilipopaa katikati ya mwaka 2022, mstaafu alikuwa bado akipokea nyongeza iliyotokana na bei za mwaka 2021.

Pili, nyongeza hupima kapu la wastani la bidhaa na huduma kwa nchi nzima, nayo haifuati ada ya kiwanja fulani. Tuchukue hesabu ya mfano, isiyohusu kiwanja chochote mahususi. Mstaafu mwenye pensheni ya dola 2,000 kwa mwezi, akiongezewa asilimia 8.7, hupata dola 174 zaidi. Iwapo kiwanja anachokaa kitapandisha ada kutoka dola 25 hadi dola 32 kwa usiku, atalipa dola 210 zaidi kwa siku 30. Nyongeza yote imekwisha, na bado hajanunua chakula, mafuta wala dawa.

Wanaoumia zaidi ni waliostaafu wakiwa na vyeo vya chini. Kwa walio wengi waliojiunga kati ya Septemba 1980 na mwisho wa mwaka 2017, utumishi wa miaka 20 huleta pensheni ya nusu ya wastani wa mshahara wa msingi wa miezi 36 iliyolipwa zaidi. Nusu ya mshahara wa sajini si nusu ya mshahara wa kanali. Baadhi ya vituo hulizingatia hilo kwa kupanga ada kulingana na cheo, ilhali vingine hutoza wote kiwango kimoja.

Nafuu zilizopo

Pamoja na hayo, zipo njia halali za kupunguza mzigo, na baadhi hazitumiki ipasavyo kwa sababu hazifahamiki vizuri.

Njia ya kwanza ni vibali vya kutembelea maeneo ya umma ya Serikali ya Shirikisho, zikiwemo hifadhi za taifa na misitu. Tangu Novemba 2022 askari wa zamani hupewa bure kibali cha kijeshi cha maisha. Hata hivyo, kibali hicho huondoa kiingilio tu. Hakipunguzi ada ya kupiga kambi. Mwenye umri wa miaka 62 au zaidi anaweza kununua kibali cha wazee cha maisha kwa dola 80, na mwenye ulemavu wa kudumu hupewa kibali chake bure katika umri wowote. Vibali hivi viwili huleta punguzo la nusu ya ada ya kupiga kambi katika maeneo mengi ya Shirikisho. Maeneo yanayoendeshwa na wakandarasi binafsi yanaweza kuwa na utaratibu tofauti, hivyo ni vyema kuuliza kabla ya kuweka nafasi.

Njia ya pili ni viwanja vya Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Nchi Kavu, vilivyo kando ya mabwawa na maziwa. Ingawa vinasimamiwa na jeshi, viko wazi kwa umma na hupokea vibali hivyo vya punguzo. Mstaafu mwenye kibali cha wazee anaweza kulipa kidogo huko kuliko ndani ya kituo alichowahi kukitumikia.

Njia ya tatu ni kupanga safari nje ya msimu wa msongamano, na kuuliza viwango vya wiki na mwezi, ambavyo kwa kawaida huwa nafuu kuliko kulipa usiku kwa usiku. Ukomo wa siku za kukaa hutofautiana kati ya kituo na kituo.

Njia ya nne ni kutoa maoni. Wizara ya Ulinzi ina mfumo wa maoni ya wateja ujulikanao kama ICE, ambao hupeleka lalamiko kwa msimamizi wa huduma husika. Vilevile, vituo vingi vina mabaraza ya wastaafu yanayokutana na uongozi. Ada hupangwa katika ngazi ya kituo au ya kamandi, si bungeni, hivyo sauti iliyo karibu na msimamizi ndiyo inayosikika mapema.

La kuzingatia

Sheria za Marekani zimempa mstaafu wa jeshi haki ya kupita langoni, na mwaka 2020 zikawapa haki hiyo wengine wengi. Hazijampa haki ya bei. Maadamu viwanja hivi vitaendelea kuhesabiwa kuwa huduma za kujitegemea, kila nyaya inayobadilishwa na kila mhudumu anayeongezwa mshahara atalipwa na yule anayeegesha. Kubadilisha hali hiyo ni uamuzi wa kisera, wa kuamua kama mapumziko ya mtu aliyetoa miaka 20 ya maisha yake ni biashara au ni sehemu ya shukrani ya taifa. Mpaka uamuzi huo utakapofanyika, mstaafu anashauriwa kuuliza ada mpya kabla ya kuwasha gari, na kuhakikisha kibali alicho nacho mkononi ndicho chenye punguzo.