Mallacht: neno la kuazima, laana ya wenyewe

Anayemlaani mwenzake kwa Kiayalandi husema "mallacht Dé ort", laana ya Mungu iwe juu yako. Neno hilo, mallacht, limetokana na Kilatini maledictio. Liliingia na Ukristo ulioenea Ayalandi kuanzia karne ya 5, likawa maldacht, kisha d ikamezwa na l. Pacha wake ni beannacht, baraka, kutoka benedictio. Ni rahisi basi kudhani kwamba watawa ndio waliowafundisha Waayalandi kulaani. Dhana hiyo siikubali, kwa sababu jina la kitu linaweza kuazimwa hali kitu chenyewe kipo siku nyingi. Washairi wa Ayalandi walikuwa na áer, utungo wa kumwaibisha mtu, na jina hilo halikutoka Kilatini. Utungo huo uliogopwa hata na wakuu: sheria za kale zinasema mfalme akivumilia áer, heshima yake kisheria hushuka. Mtu atasema sheria hizo ziliandikwa karne ya 7 na ya 8, Ukristo ukiwa umekwisha kukita mizizi. Ni kweli. Lakini Diodorus wa Sicily, katika karne ya 1 kabla ya Kristo, alikwisha kuandika kwamba washairi wa Wagali, ndugu wa Waayalandi kwa lugha, waliwasifu wengine na kuwakashifu wengine.

Ushahidi ninaouona mzito zaidi umo katika sarufi. Neno lenyewe limekuwa la nyumbani kabisa: likitanguliwa na kibainishi huwa an mhallacht, m ikilegea na kutamkwa kama w au v, kama ilivyo kwa nomino nyingine za kike. Tena "mallacht Dé ort" haina kitenzi. Ort ni neno moja lenye maana ya "juu yako". Juu yangu ni orm, juu yao ni orthu. Mwenye njaa husema "tá ocras orm", njaa iko juu yangu, na huzuni, hofu na baridi husemwa vivyo hivyo. Kwa Kilatini kulaani ni kumnenea mtu mabaya. Kwa Kiayalandi laana humkalia mtu kama njaa inavyomkalia. Pingamizi lipo: Biblia ya Kilatini nayo husema laana au damu iwe juu ya fulani. Lakini hakuna padri aliyehitajika kuwafundisha watu namna ya kusema wana njaa.

Kanisa halikukaa pembeni. Masimulizi yanasema Mtakatifu Ruadhán aliilaani Tara, makao ya wafalme. Katika kisiwa cha Inishmurray, ndani ya magofu ya monasteri, yapo mawe ya mviringo yaitwayo Clocha Breaca; mwenye kulaani aliyageuza kinyume na mwendo wa jua. Gerald wa Wales, katika karne ya 12, aliandika kwamba watakatifu wa Ayalandi walipenda kisasi kuliko wa nchi nyingine. Nadhani aliona sawasawa, ila tabia aliyoihesabu kuwa ya watakatifu ilikuwa ya washairi kabla yao, na watakatifu waliirithi pamoja na hofu ambayo watu walikuwa nayo kwa washairi hao.