Kishoka cha shambani: namna ya kukichagua na kukitunza makali

Huku Dodoma mvua zimeshakatika na wengi wenu mnajiandaa kupogolea visiki hai. Kabla hujaenda shambani nakuomba jambo moja: chukua kishoka chako, tazama makali yake, kisha kitikise uone kama kichwa kinacheza.

Nalisema hili kwa sababu nina kovu kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Miaka michache iliyopita nilikuwa naonyesha kikundi cha wakulima namna ya kupunguza machipukizi ya mkole. Kishoka nilikichukua stoo asubuhi ile ile, sikukikagua. Pigo la tatu kiliteleza juu ya gome badala ya kuzama, kikaja moja kwa moja mguuni. Nikashonwa nyuzi sita. Mama mmoja wa kikundi aliokota kishoka, akapitisha kidole gumba pembeni mwa makali, akasema hiki hata ugali hakikati. Aibu niliyopata ilizidi maumivu.

Watu wengi wanadhani kishoka butu ni salama zaidi. Sivyo. Kishoka kikali huzama pale ulipolenga na kubaki hapo. Kishoka butu hudunda au huteleza, nawe unaongeza nguvu, kwa hiyo kikikosea kinakosea kwa nguvu zote hizo. Mti nao unaumia. Makali mabovu huchana gome badala ya kulikata, jeraha linashika maji, ukungu na wadudu wanaingia. Ulitaka kisiki hai, unabaki na kisiki kikavu.

Ukienda kununua

Anza na uzito. Kwa kazi ya mkono mmoja, yaani kupogolea, kuchonga mambo na kupasua kuni ndogo, kichwa cha gramu 600 hadi 900 kinatosha, na mpini wa sentimita 35 hadi 45. Shoka la kilo moja na nusu au mbili ni la magogo, na linashikwa kwa mikono miwili.

Pili, pima chuma. Nenda na tupa ndogo, muombe muuzaji ruhusa, piga mara moja kwenye makali. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno, kitamegeka. Ikizama kirahisi kabisa, chuma ni laini, utanoa kila siku. Unachotaka ni tupa ing'ate kwa ubishi kidogo. Usidharau kazi za wahunzi wetu. Springi ya gari ni chuma kizuri sana mikononi mwa mhunzi anayejua kukipoza.

Tatu, angalia kichwa kimeshikana vipi na mpini. Kishoka cha kienyeji kichwa chake hupita ndani ya mpini mnene. Kila pigo linazidi kukikaza, ila kinaweza kuupasua mpini, kwa hiyo kagua nyufa. Cha dukani mpini huingia kwa chini na kukazwa na kabari. Kabari ikilegea, kichwa kinaruka. Aina ya tatu ni kama sururu: mpini ni mnene juu, unaingizwa kwa juu, na kila ukirusha mkono kichwa kinajikaza chenyewe. Vishoka vingi vya wenyeji wa Amerika Kaskazini, vile vinavyoitwa tomahawk, hufungwa hivyo hivyo. Faida yake ni kwamba mpini ukivunjika unachonga mwingine huko huko porini.

Mpini mzuri ni wa mkole, mkwaju au mpera uliokauka vizuri kivulini. Mistari ya mti ifuate urefu wa mpini. Ikikatiza mshazari, utavunjika.

Kunoa

1. Kibane kwenye jiliwa, au kifunge juu ya gogo kwa kamba ya mpira kisicheze. Vaa glavu.
2. Paka mkaa au wino kwenye makali. Ukipiga tupa mara mbili utaona inapogusa. Wino ukitoka nyuma tu, inua mkono kidogo. Ukitoka kwenye ncha tu, shusha.
3. Tupa hukata ikisukumwa mbele. Ukirudi, inyanyue. Kuiburuta kunaua meno yake.
4. Endelea upande mmoja mpaka uhisi kijichuma chembamba kama uzi kimejikunja upande wa pili. Geuza, fanya vile vile.
5. Malizia kwa kinoo chenye maji, ukizungusha taratibu pande zote mbili mpaka uzi ule uishe.

Mashine ya grenda itumie kwa makali yaliyomegeka tu, na chovya kichwa kwenye maji kila mara. Ukiona rangi ya bluu, moto umeshaharibu ugumu wa chuma. Hapo hakitakaa na makali hata unoe vipi.

Tabia moja tuiache

Kichwa kikilegea, wengi tunakiloweka kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi kinakaza kweli, kwa sababu mti umevimba. Lakini tunduni hauna pa kuvimbia, unajibana wenyewe. Jua likiukausha unasinyaa kuliko mwanzo, na kichwa kinalegea zaidi ukiwa katikati ya kazi, pengine watoto wamesimama karibu wakitazama. Ondoa kabari ya zamani, weka mpya ya mti mgumu. Kama mpini umechoka, chonga mwingine.

Ukimaliza kazi futa utomvu, paka mafuta kidogo kwenye chuma na mpini, kivalishe kipande cha mpira wa tairi kwenye makali, kisha kitundike juu mahali pakavu.

Kunoa kunachukua kama robo saa. Mimi kuuguza mguu kulinichukua mwezi mzima, na palizi ya shamba langu ilifanywa na jirani. Tukutane shambani.