Mkuu wa Shule na Makamu Wake

Katika shule zetu za sekondari za Tanzania, mtu anayejua ni mwanafunzi gani amelala bwenini na homa, ni mwalimu gani amefikwa na msiba, na ni darasa gani limekaa tangu asubuhi bila ya somo la hisabati, aghalabu si Mkuu wa Shule bali ni makamu wake. Mkuu huitwa mara huku mara kule, leo yuko halmashauri kwa Afisa Elimu, kesho ana kikao cha kata, na keshokutwa ametakiwa apeleke taarifa isiyokubali kungoja. Na muda wote huo kengele hugongwa, zamu huendelea, na watoto husimama mstarini kama ilivyo ada, kwa kuwa makamu amebaki. Kwa hiyo masikilizano ya wawili hawa hayawahusu wao peke yao, kwani siku wanapokosa kusikilizana watoto ndio wanaokosa masomo.

Ila ya wakuu iliyo kubwa kupita zote, kwa maoni yangu, ni kumshirikisha makamu katika kazi bila ya kumshirikisha katika habari. Tuitazame siku moja ya shule ya bweni. Mkuu amesafiri. Saa tatu asubuhi mpishi abisha hodi ofisini, mikono ingali na unga, asema: "Makamu, maharage ya leo yapo, ya kesho hayapo, na mzabuni anasema haleti kitu mpaka alipwe ya mwezi uliopita." Makamu hajui kama fedha za chakula zimeingia, hajui mkuu alipatana nini na mzabuni yule, wala hana idhini ya kumwahidi lolote; akipiga simu, mkuu yumo kikaoni na simu yake imezimwa. Basi hana la kujibu ila kusema, "Ngoja mkuu arudi," na kabla ya saa nne watumishi wote wamekwisha kujua kwamba leo shule haina mwenyewe. Mtu huyo hakupungukiwa na akili wala bidii. Aliachiwa dhamana, akanyimwa habari za kuibebea.

Fedha ndizo zinazofichwa zaidi, na ndizo zinazoharibu zaidi. Tangu Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji moja kwa moja katika akaunti za shule, na kiwango kilichowekwa kwa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Si fedha nyingi, na kwa kuwa si nyingi, kila chaki inayokosekana huzua shaka katika chumba cha walimu. Mkuu anayemwekea makamu wake mezani taarifa ya benki kila mwezi, akamwonyesha kilichoingia na kilichotoka, amejipatia shahidi wa kumtetea siku atakaposengenywa. Tena insafu yenyewe yadai hivyo, maana zilipowekwa posho za madaraka, mkuu wa sekondari aliwekewa shilingi 250,000 kwa mwezi, ilhali makamu, anayeamka naye alfajiri na kulala baada yake, hakuwekewa kitu.

Pamoja na habari, makamu hana budi kupewa mamlaka yenye mipaka iliyo wazi, na ikiwezekana kwa maandishi. Kwa mfano, kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zasema kuwa viboko visizidi vinne, kwamba atakayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kwamba adhabu iandikwe kitabuni. (Mimi ni miongoni mwa wanaotamani fimbo ziondoke kabisa shuleni, lakini madhali kanuni ipo, na ifuatwe.) Ni shule ngapi ambazo mambo yote ya nidhamu ameachiwa makamu kwa neno la mdomo tu, na siku mzazi anapokuja na malalamiko, mkuu husema hakuwa na habari? Baya kama hilo ni kuitangua amri ya makamu hadharani: mwanafunzi amerudishwa nyumbani akamlete mzazi, akakutana na mkuu getini, akaruhusiwa kuingia darasani pasi na makamu kuulizwa, na kuanzia siku hiyo wanafunzi hujua mlango wa kupitia.

Makamu naye ana wajibu wake, na si mwepesi. Walimu wenye manung'uniko humwendea yeye kwanza, wakamsifu, wakamwambia kwamba lau yeye angekuwa mkuu mambo yangenyooka; akizikubali sifa zile, shule imekwisha kugawanyika kambi mbili. Hasha, simwambii awe mtu wa kuitikia kila neno. Na amwambie mkuu wake ukweli wote, hata ule mchungu, lakini faraghani, mlango umefungwa. Na wote wawili wakitoka nje, walimu wasikie kauli moja. Robo saa kila asubuhi kabla ya mstari yatosha kwa mashauri hayo, pakiwa na nia.

Serikali inao Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, huko Bagamoyo, unaofundisha uongozi wa shule. Ningependa wakuu wanapoitwa mafunzoni, makamu wao wapewe nafasi kando yao, kwani wengi katika hao watapata barua ya kuwa wakuu na kutakiwa waripoti upesi katika shule ya mbali, na huko hapatakuwa na wa kuwafundisha namna ya kupanga bajeti. Na pale nafasi inapokuwa ya mtu mmoja tu, basi mkuu akirudi ampe makamu wake makabrasha yote, kisha wakae wayasome pamoja.